Gereza, Kanisa na Kibarua: Historia na Usanifu wa Kanisa la Mkunazini, Unguja

Utangulizi

Mgeni anayeingia katika Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, Unguja, husimuliwa hadithi tatu kabla hajapata wasaa wa kuyatazama mawe yenyewe. Ya kwanza ni ya mti waliofungwa na kuchapwa watumwa, ambao mahali pake sasa pana madhabahu. Ya pili ni ya msalaba uliochongwa kutokana na mti wa kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Ya tatu ni ya nguzo zilizo karibu na mahali pa kubatizia. Inasimuliwa kwamba askofu aliposafiri, mafundi walizisimamisha nguzo hizo kichwa chini, miguu juu, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna hiyo. Aliporejea aliziacha vivyo hivyo.

Hadithi hii ya tatu huwachekesha watu. Siku niliyozuru nilicheka pamoja na wenzangu wa msafara wetu kutoka Kenya, na mwongoza wageni, mzee mpole aliyetuita "wanangu" tangu mlangoni, alitabasamu kama mtu anayejua mahali kicheko kinapokuja. Baadaye wenzangu walipotoka kwenda kutazama bustani, nilibaki nimekaa kwenye kiti cha nyuma nikiangalia juu. Paa lile ni tao moja refu la zege linaloruka kutoka ukuta hadi ukuta bila boriti hata moja. Ndipo kicheko kilipoanza kunikera. Mafundi walioweza kuliinua tao lile walishindwaje kujua juu na chini ya nguzo?

Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Azma yake ni kuieleza historia ya kanisa hili na usanifu wake kwa kadiri inavyomfaa mwanafunzi wa Kiswahili, na kudai kwamba historia hiyo imesimuliwa mno kupitia kwa askofu aliyelijenga na haikusimuliwa vya kutosha kupitia kwa waliobeba mawe. Majina ya hao wa pili hatunayo. Hata hivyo, Kiswahili kimetuhifadhia maneno mawili, gereza na kibarua, ambayo yakisomwa sambamba na kuta za Mkunazini hutufungulia mlango ambao mwongoza wageni hana wakati wa kuufungua.

Askofu mwenye kalamu na mwiko

Sisi wa idara za Kiswahili twamjua Edward Steere kama mwanasarufi. Ndiye mwandishi wa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, na mkusanyaji wa ngano za Kiunguja zilizochapishwa mwaka huohuo, ngano ambazo mpaka leo hutajwa katika mihadhara ya fasihi simulizi. Aghalabu huishia hapo. Ni nadra mhadhiri kuwaambia wanafunzi wake kwamba mtu huyo aliyepanga ngeli za nomino alisimama pia juu ya majukwaa ya wajenzi akiwaelekeza mafundi namna ya kumimina zege.

Steere alizaliwa London mwaka 1828 na akasomea sheria kabla ya kuwa kasisi. Alikuwa akihudumu katika kanisa la kijiji kidogo kiitwacho Little Steeping, Lincolnshire, wakati rafiki yake William Tozer, kasisi wa parokia ya jirani, alipoteuliwa kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati. Walifika Unguja pamoja mwaka 1864. Kuanzia hapo kazi yake ya lugha na kazi yake ya misheni hazikutengana. Alianzisha uchapaji kisiwani, na waliojifunza kupanga herufi za risasi walikuwa vijana waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya biashara ya utumwa. Baada ya kurudi Uingereza kwa miaka michache, alikuja tena Unguja mwaka 1872, akatawazwa askofu mwaka 1874, na akafariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882. Amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga.

Jambo moja katika kitabu chake cha ngano linahusiana na hoja yangu kuliko linavyoonekana. Katika dibaji yake aliwataja kwa majina baadhi ya waliomsimulia, mathalan Hamisi wa Kayi. Kwa mkusanyaji wa Kizungu wa karne ya 19 hilo halikuwa jambo la kawaida, na linafaa kusifiwa. Basi msimulizi wa ngano amepata jina katika kitabu, ilhali fundi wa kanisa hana jina katika hadithi tunayosimuliwa. Anakumbukwa kwa kosa la nguzo tu.

Uwanja wa Mkunazini

Jina Mkunazini latokana na mkunazi, mti wenye miiba na matunda madogo ambao Waswahili wa mwambao wote wanaufahamu. Katika karne ya 19 mahali hapo palikuwa pembezoni mwa mji wa mawe, karibu na mkono wa bahari ulioutenga mji na Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa baadaye, na juu yake ikapita barabara iliyoitwa Creek Road, ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Hapo ndipo palipokuwa soko la wazi la watumwa, mojawapo ya masoko ya mwisho ya namna hiyo duniani.

Mnamo Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini na kuyafunga masoko yao. Alifanya hivyo kwa shinikizo la Waingereza, na hasa la balozi wao John Kirk. Sehemu ya uwanja ilinunuliwa na mmisionari Arthur West kwa ajili ya misheni, na kipande kilichopakana nayo kilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Inafaa tutue kidogo hapa. Kanisa la Kianglikana lilijengwa penye soko lililofungwa na sultani Mwislamu, juu ya ardhi ambayo kwa sehemu ilitolewa na Mhindu. Saa ya mnara nayo, kwa mujibu wa masimulizi ya kisiwani, ilikuwa zawadi ya Barghash. Anayetaka kuisoma historia ya Unguja kama vita vya dini dhidi ya dini atapata taabu hapa Mkunazini.

Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Krismasi ya mwaka 1877 ibada ya kwanza ilifanyika ndani ya kuta ambazo hazijaezekwa. Ilipofika mwisho wa mwaka 1879 paa lilikuwa limekwisha kufungwa.

Ila kuna tarehe nyingine ambayo hatuna budi kuiweka kando ya hizo. Mkataba wa 1873 ulikomesha biashara, haukukomesha utumwa. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa hiyo miaka yote ambayo kuta za Mkunazini zilikuwa zikipanda, mtu aliweza kutoka kanisani jioni akapita nyumba kadhaa mjini zenye watumwa ndani, na sheria isiwe na neno. Tarehe hii tutaihitaji tutakapofika kwa mafundi.

Neno lililotoka kanisani likaingia jela

Kabla ya kanisa la Steere, Unguja iliwahi kuwa na kanisa jingine. Wareno walijenga kanisa dogo ufuoni mwa mji mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Waomani walipowafukuza walijenga ngome mahali hapohapo, ile tunayoiita Ngome Kongwe, na masalio ya kanisa yakamezwa na kuta zake. Mombasa mambo hayakutofautiana sana. Ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Wareno walikuwa na kanisa lao, na ngome ilipotekwa na Waomani mwaka 1698 kanisa likafa.

Majengo yalikufa lakini neno halikufa. Kwa Kireno kanisa huitwa igreja. Watu wa pwani walilisikia neno hilo, wakaligeuza kwa kadiri ya matamshi yao, likawa gereza. Mwanzoni lilitaja ngome yenyewe, maana kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome na aliyekuwa nje hakuona tofauti. Ngome zikaja kutumika kama jela. Ile ya Mombasa ilikuwa jela ya serikali kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, na ile ya Unguja ilipata kutumika hivyo katika karne ya 19. Maana ya neno ikafuata matumizi ya jengo. Leo mtoto wa shule akisema gereza, hana habari kwamba anatamka jina la nyumba ya ibada.

Mabadiliko ya maana ya namna hii ni mada ya kawaida katika semantiki, na mfano huu umo katika mihadhara mingi. Ambacho sijasikia kikisemwa ni kwamba Mkunazini paliufuata mkondo huo kinyumenyume. Katika ngome, kanisa liligeuka mahali pa kufungia watu. Mkunazini, mahali pa kufungia watu paligeuka kanisa. Wamisionari wa karne ya 19 walipohitaji jina la jengo lao, neno la Kireno lilikuwa limekwisha haribika, halirudishiki. Waumini wasingeweza kuitwa waje kusali gerezani. Neno lililopatikana ni kanisa, la Kiarabu, kama yalivyo ya Kiarabu maneno mengine mengi ya ibada ya Kikristo katika Kiswahili: msalaba, madhabahu, injili, kasisi. Wareno walibaki na padri.

Steere aliishi katika mazingira ya maneno haya, na alipotafsiri maandiko aliyatumia bila haya. Hakujaribu kuunda Kiswahili kilichosafishwa Uarabu wala Uislamu wake. Alichukua lugha ya Unguja kama alivyoikuta kwa wenyewe na akaitia maudhui yake. Nadhani katika ujenzi alifanya vivyo hivyo, na hilo ndilo linaloufanya usanifu wa Mkunazini ustahili kutazamwa na mwanaisimu.

Mawe, chokaa na paa

Michoro ya kanisa iliandaliwa na msanifu Mwingereza, C. F. Hayward, kwa kufuata mawazo ya Steere. Umbo la jumla ni la makanisa ya Ulaya: ukumbi mrefu, upande wa madhabahu uliozungushwa nusu duara, madirisha membamba yenye vichwa vya tao, mnara uliochongoka. Ukilitazama kutoka mbali waweza kudhani kwamba limeng'olewa Uingereza likapandikizwa Unguja. Sogea karibu uuguse ukuta. Huo ni ukuta wa Kiswahili.

Mji Mkongwe wote umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe yenyewe ni ya aina mbili. Kuna yale magumu ya mwamba wa kale yanayochimbwa nchi kavu, ambayo hutumiwa kujazia kuta nene. Na kuna matumbawe laini yanayotolewa baharini, ambayo huchongwa yakingali na unyevu kwa ajili ya fremu za milango, vidaka na mapambo, kisha huwa magumu yakikauka. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuu la kuni. Kwa hiyo katika ukuta wa Kiswahili jiwe na kinachoshikanisha jiwe vyote vimetoka baharini. Ni elimu iliyokuwepo mwambaoni karne nyingi kabla ya Steere: msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa hichohicho, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

Ujenzi huu una kikwazo kimoja kinachojulikana na kila aliyelala katika nyumba ya zamani ya Lamu au Unguja. Vyumba ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti. Dari ya kale hushikiliwa na boriti za mikoko, na juu yake hupangwa mawe na kumiminwa chokaa mpaka ipatikane sakafu nzito. Boriti ya mkoko haiwezi kuubeba uzito huo kwa upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Basi mkoko ndio unaoamua upana wa chumba.

Kanisa halikuweza kuwa na upana wa chumba cha kulala. Steere aliamua kutotumia boriti kabisa. Alijenga tao refu la zege la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, likamiminwa juu ya kalibu za mbao. Inasimuliwa kwamba wengi waliliogopa, wakisubiri siku litakapoanguka. Halikuanguka. Mpaka leo, zaidi ya miaka 140 baadaye, lingali pale, na ukarabati mkubwa uliofanywa katika muongo wa 2010 ulikuwa wa kulitunza jengo ambalo tao lake limestahimili.

Vitabu vya watalii hulitaja paa hili kama ubunifu wa kustaajabisha wa askofu wa Kizungu. Ni ubunifu, sikatai, na saruji hakika ilitoka ng'ambo. Ila anayesema kwamba tao la zege la matumbawe lilikuwa jambo geni pwani hajafika Kilwa Kisiwani. Upanuzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa, ulioanzishwa katika karne ya 14 na kujengwa upya katika karne ya 15, uliezekwa kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa, na baadhi yake yangali yamesimama. Mafundi wa Kiswahili walikuwa wamelitatua tatizo la boriti karne kadhaa kabla. Elimu hiyo ilidhoofika Kilwa ilipodhoofika, na tao la Mkunazini ni pana kuliko ya Kilwa, lakini nyenzo ni ileile na wazo ni lilelile: kuponda matumbawe, kuyashikamanisha, kuyaacha yajibebe yenyewe.

Neno sakafu lina jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi asilipite. Wasafiri wa karne ya 19 waliona namna dari za chokaa zilivyopigwa kwa vijiti siku kadhaa mfululizo ili zishikane na zisipitishe maji. Waliozipiga walikuwa kundi, aghalabu la wanawake, aghalabu watumwa, na walipiga kwa mwendo mmoja wakiimba. Wimbo ulikuwa kifaa cha kazi kama kijiti chenyewe, kwa sababu pigo lisilolingana huacha ufa. Twafundishwa nyimbo za kazi tukitajiwa wakulima, wavuvi na watwangaji. Nyimbo za sakafu hutajwa kwa nadra, na wanaozikumbuka wanazidi kupungua.

Nguzo zilizopinduliwa

Sasa turudi nyuma ya kanisa, zilipo nguzo zile.

Sina ushahidi wa kuikanusha hadithi ya kupinduliwa kwake. Ukizitazama, vichwa vyake kweli viko chini. Inawezekana kabisa kwamba Steere hakuwepo, kwamba michoro ilisomwa vibaya, na kwamba gharama ya kuzibomoa ilikuwa kubwa. Ninachokipinga ni sababu inayotolewa. Tunaambiwa wafanyakazi walikosea kwa sababu ya ujinga wao, kana kwamba walikuwa watu wasiojua jengo lolote isipokuwa banda. Mji waliotoka ulikuwa na majumba ya orofa mbili na tatu. Msikiti wa Kilwa una nguzo nyingi zenye pembe nane. Fundi wa Kiswahili aliijua nguzo. Huenda hakuijua nguzo ya Ulaya yenye kichwa chenye kazi ya pambo ambayo haibebi zaidi ya inavyobeba ikipinduliwa. Hilo si ujinga, ni tofauti ya sarufi. Mwingereza anayejifunza Kiswahili huweka kivumishi kabla ya nomino, na hatusemi kwamba hajui lugha. Twasema analeta mpangilio wa kwao. Steere mwenyewe, aliyekuwa amehangaika miaka mingi na mpangilio wa maneno ya Kiunguja, yaelekea alilielewa hilo kuliko wanaoisimulia hadithi hii leo, na labda ndiyo maana aliziacha.

Lakini hao waliozisimamisha walikuwa kina nani? Hapa ndipo neno la pili linapotufaa.

Kibarua leo ni kazi ya kutwa, au mtu anayeifanya. Kila mwanafunzi wa chuo kikuu aliyewahi kukosa karo analijua neno hili mwilini. Umbo lake ni la udogo: ki-barua, barua ndogo. Asili ya maana hiyo ni kikaratasi. Katika Unguja ya karne ya 19 mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa hati ndogo, na jioni au mwisho wa juma aliirudisha ili alipwe ujira wake. Jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika. Na wengi wa waliozishika karatasi hizo hawakuwa huru. Walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwaruhusu kutafuta kazi mjini, bandarini na kwenye ujenzi, kwa sharti kwamba sehemu ya ujira irudi kwa bwana. Desturi hiyo imeelezwa vyema na wanahistoria wa Unguja.

Hebu sasa tuziweke tarehe pamoja. Kanisa linajengwa kati ya 1873 na 1879. Utumwa unakomeshwa 1897. Kazi ya ujenzi mjini inafanywa kwa kiasi kikubwa na vibarua. Misheni ilikuwa na watu wake waliokombolewa, wengi wao wakiishi katika kijiji cha Mbweni kusini mwa mji, ambako misheni ilinunua shamba mwaka 1871 na ambako kanisa la Mtakatifu Yohana lilijengwa mwaka 1882. Hao hatuna shaka kwamba walikuwa na sehemu yao katika kazi ya Mkunazini. Lakini je, chokaa yote ya jengo kubwa namna ile ilibebwa na waliokombolewa peke yao, katika mji ambao mbeba chokaa wa kukodi alikuwa aghalabu mtumwa wa mtu? Ihtimali kwamba baadhi ya mikono iliyojenga juu ya soko la watumwa ilikuwa mikono ya watumwa haiwezi kuondolewa. Siidai kama jambo lililothibitishwa. Nadai kwamba swali lapasa kuulizwa, na kwamba neno kibarua linatulazimisha kuliuliza. Jengo linaloadhimisha mwisho wa kitu fulani huenda lilijengwa kwa kitu hichohicho kikiwa bado hai, kikipokea ujira wa siku na kugawana na bwana wake.

Kwa hiyo nguzo zile huenda ndizo saini ya pekee iliyobaki ya watu hao. Askofu ana kaburi na vitabu. Livingstone ana dirisha na msalaba. Mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakiyawinda majahazi ya watumwa wana ukumbusho wao katika kioo cha rangi. Caroline Thackeray, mwalimu wa wasichana wa Mbweni, anakumbukwa kwa nakshi za vijiwe za madhabahu alizozitoa. Vibarua wana nguzo zilizopinduka, na wageni wanazicheka.

Kinachoonyeshwa na kisichoonyeshwa

Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru sakafuni. Ndipo penyewe, waambiwa, uliposimama mti wa kuchapia, na rangi nyekundu ni ya damu. Kwa upande wa alama, uteuzi huu una nguvu kubwa. Anayepokea sakramenti anapiga magoti mahali ambapo mwingine alipigishwa magoti. Ila nilipokuwa nimesimama hapo nilijiuliza kama madhabahu yanaufichua mti ule au yanaufunika. Kwa miaka zaidi ya 100 jibu la jengo lenyewe lilikuwa nusu kwa nusu: ukumbusho ulikuwepo, lakini ulikuwa ukumbusho wa wakombozi.

Mizani ilibadilika kidogo mwaka 1998, wakati sanamu za mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs zilipowekwa nje ya kanisa. Ni watu watano waliosimama ndani ya shimo, wamefungwa minyororo halisi shingoni, nyuso zao haziangalii kanisa wala mgeni. Nyumba ya maonyesho kuhusu biashara ya watumwa ikafunguliwa kando yake mwaka 2016. Msafara wetu ulikuwa na gumzo tangu bandarini. Hapo penye shimo tulinyamaza wote, na hakuna aliyetuambia tunyamaze.

Karibu na hapo huonyeshwa vyumba vya chini kwa chini vinavyosemwa kuwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Msomi anapaswa kuwa mwangalifu. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka kwamba vyumba hivyo ni vya wakati wa soko. Wanaona kwamba yaelekea vilikuwa ghala. Kwa maoni yangu shaka hiyo ina uzito. Utumwa wa Unguja ulitosha kuwa mbaya bila kusaidiwa na pishi, na mwanafunzi akigundua kwamba ameonyeshwa ghala, ataanza kuushuku hata uwanja wa juu ambao hauna shaka yoyote. Afadhali tuonyeshwe uwanja mtupu, na tuambiwe kwamba walikaa hapa juani.

Kuna mambo ya Steere ambayo sikuyagusa, na wengine watayagusa. Kiswahili alichokiandika ndicho lahaja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita alichokishughulikia Krapf kikaachwa nje. Kadhia hiyo ingali ikiwauma wenzetu wa Mombasa, na wana haki. Lakini hayo ni makala ya siku nyingine.

Beit al Ajaib na kazi ya mwiko

Inasimuliwa Unguja kwamba Barghash alipotoa saa ya mnara alitia sharti: mnara wa kanisa usizidi urefu wa Beit al Ajaib, jumba lake kubwa lililokamilika mwaka 1883 ufuoni. Mnara ukatii. Majumba hayo mawili, la sultani na la askofu, yakaendelea kutazamana juu ya mapaa ya Mji Mkongwe kwa zaidi ya karne moja, yote mawili ya matumbawe, yote mawili yenye saa.

Tarehe 25 Desemba 2020, Krismasi, miaka 147 kamili tangu jiwe la msingi la Mkunazini kuwekwa, sehemu ya mbele ya Beit al Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Katika siku zilizofuata magazeti na wataalamu walijadili mengi: uzito wa mnara, maji yaliyopenya, uchakavu wa miaka mingi, fedha. Nilizisoma habari hizo nikiwa Nairobi. Zilisema mengi kuhusu Barghash na kuhusu turathi ya dunia, na picha za jumba lilivyokuwa zamani zilichapishwa kwa wingi. Nilitafuta majina ya wale wawili. Katika habari nyingi nilizosoma, waliandikwa kwa idadi.